"Mama, nichoree wewe": jibu kwa mama wa Mwanga, Kigoma

Swali

Shikamoo mwalimu. Ninaishi Mwanga, Kigoma mjini. Nina cherehani barazani na ndiyo kazi yangu. Binti yangu ametimiza miaka minne. Nimeamua kumfundisha mwenyewe nyumbani mpaka afikie umri wa darasa la kwanza, maana chekechea ya karibu imejaa watoto kupita kiasi na mimi nashinda hapa hapa. Herufi na kuhesabu tunakwenda vizuri. Kinachonishinda ni kuchora na kazi za mikono. Nanunua karatasi na kalamu za rangi, natafuta mifano kwenye simu, namtengenezea samaki au kipepeo ili afuatishe. Anajaribu mara moja, anaitupa kalamu, anasema, "Mama, nichoree wewe." Mwisho nafanya mimi, yeye anatazama. Mama mkwe anasema huku ni kupoteza muda na unga, mtoto afundishwe kuandika. Vifaa navyo vinanigharimu. Je, kazi hizi zina faida ya kweli? Na kama ipo, nifanyeje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na mara ya pili nikasimama pale uliposema, "Mwisho nafanya mimi, yeye anatazama." Hapo ndipo penye shida yote. Binti yako hana kasoro ya mikono. Ameona samaki wa mama ni mzuri kuliko wake, na mtoto wa miaka minne ana akili ya kutosha kujua kwamba akishindanishwa na mtu mzima hawezi kushinda. Basi anaona heri asianze. Ule mfano unaomwekea mbele ndio unaomfunga mikono. Uondoe kwanza.

Nakwambia hili kwa uchungu, maana kosa hilo nimelifanya mwenyewe kwa miaka. Nilipokuwa nafundisha chekechea, kila siku ya wazazi ilipokaribia nilikesha nikikata samaki kwenye maboksi, samaki arobaini wa saizi moja. Kesho yake watoto wanapaka rangi nilipowaonyesha na kubandika jicho nilipoweka alama. Ukuta ulipendeza, wazazi wakapiga makofi. Mwaka mmoja baba akamuuliza mwanawe, "Wako ni yupi?" Mtoto akautembea ukuta mzima, akarudi, akautembea tena. Hakumjua samaki wake. Nami mwalimu wake sikuweza kumwonyesha, maana hakuwepo. Wote walikuwa samaki wangu.

Tuanze na mkono wa umri huo unaweza nini, kwa sababu wazazi wengi husumbuka kwa kutolijua hili. Rhoda Kellogg, Mmarekani aliyefanya kazi na shule za watoto wadogo huko San Francisco, alikusanya michoro ya watoto zaidi ya milioni moja. Alipoichambua aliona kwamba hata ile tunayoiona ni ya kukorogakoroga tu ina mpangilio wake. Alihesabu aina 20 za madoa na mistari ambayo watoto huanza nayo. Baadaye mstari unajikunja na kufunga duara, msalaba unaingia ndani ya duara, na siku moja duara linaota macho na miguu. Huyo ndiye mtu wa kwanza wa watoto wengi: kichwa kikubwa, miguu inatoka kidevuni, tumbo halipo. Binti yako akikuchorea huyo, usimuulize tumbo liko wapi. Litakuja lenyewe. Kwa kawaida mtoto huweza kuiga duara akiwa na miaka mitatu hivi, msalaba akikaribia minne, mraba kati ya minne na mitano, pembetatu akiwa na mitano hivi. Sasa pima mwenyewe: kipepeo mwenye mabawa yanayolingana kulia na kushoto anakaa wapi hapo? Hayupo. Umempa mzigo wa mtoto wa miaka saba, ndiyo maana kalamu inatupwa.

Sasa mama mkwe. Usibishane naye, kwa sababu kuna jambo ana haki nalo, na kuna jingine atakufaa sana. Haki yake ni kuhusu unga. Katika nyumba ambayo unga unapimwa kwa kikombe, mtoto asifundishwe kuuchezea. Watu wengi watakupa kipimo cha donge la kuchezea: vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vijiko 2 vya mafuta, maji ya vuguvugu ukikanda mpaka lisinate. Chumvi ya Uvinza iko jirani, donge ni zuri na linakaa siku nyingi ukilifunika. Mimi silipingi, ila huku kwetu udongo ni wa bure, na nitakwambia kwa nini naupenda zaidi.

Kuhusu kuandika, mpe jibu hili kwa heshima. Kuandika ni kazi ya vidole kabla haijawa kazi ya kichwa. Mtazame mtoto ambaye vidole havijakomaa: anashika penseli kwa ngumi, anasukuma kwa bega, ncha inatoboa daftari, na baada ya herufi tatu mkono umechoka. Herufi zenyewe ni nini? Ni vijiti na duara. Anayeweza kufunga duara na kusimamisha kijiti anayo tayari a, b, d na p mkononi, imebaki kuambiwa majina. Kufinyanga, kuchana, kusokota, kukata na kufuma ndiko kunakokomaza dole gumba na vidole viwili vinavyoshika kalamu. Hata mtaala wa elimu ya awali wa Taasisi ya Elimu Tanzania wa mwaka 2016 uliziweka stadi za kisanii miongoni mwa umahiri ambao mtoto anatakiwa kuujenga, pamoja na kuwasiliana, kutunza afya, kutunza mazingira na hisabati za awali. Hazikuwekwa kama pambo la siku ya wazazi.

Na ukishamjibu, muulize yeye alichezea nini utotoni. Wanawake wa rika lake, wa mjini hapa na wa vijijini, wengi walijitengenezea mwanasesere wa gunzi la mahindi, nywele zake zile nyuzi za hindi, nguo yake kipande cha kanga. Wengi walijua kusuka kabla hawajaona daftari. Muombe akae na mjukuu wake jioni mbili kwa wiki amwonyeshe. Nimeona mara nyingi bibi aliyepinga "michezo" akigeuka kuwa mwalimu bora wa nyumba nzima, kwa sababu tu aliombwa.

Tuje kwenye udongo. Usitumie wa shambani wenye mchanga. Tafuta wa mfinyanzi, ule unaonata. Upime hivi: chukua kidogo, uloweshe, uviringishe uwe kama mnyoo mnene kama penseli, kisha uuzungushe kwenye kidole chako. Ukipasuka-pasuka, mchanga ni mwingi. Ukizunguka bila kukatika, umepata. Uponde ukiwa mkavu, uloweke kwenye ndoo usiku mzima, uchuje kwa kitambaa au chekeche kuondoa mawe na mizizi, uache utuame, mwaga maji ya juu, kisha uutandaze kwenye gunia mpaka usinate tena viganjani. Kazi hiyo ni ya siku mbili tatu na haichoshi, na ndoo moja inawatosha miezi. Ila udongo wa bondeni au wa kando ya maji akachote mtu mzima. Kichocho kipo huku kwetu, mtoto hana haja ya kusimama kwenye tope la kijito.

Wiki nzima ya kwanza usimwambie atengeneze kitu. Weka donge la ukubwa wa embe dodo juu ya gunia, kaa naye, wewe chukua lako. Utamwona anachofanya: atalibonyeza kwa kidole, atatazama shimo, atabonyeza tena. Atalipiga kiganja. Atalichana vipande, atavirundika, ataviunganisha tena viwe kimoja. Mtu mzima anaona hakuna kilichotokea. Mimi nikiona hivyo naridhika, kwa maana udongo hauna makosa. Karatasi ikiharibika imeharibika, mtoto anaiona mbele yake na inamtia hofu. Udongo ukiharibika unauviringisha upya. Mtoto aliyezoea kusema "siwezi" anahitaji kitu kinachosamehe hivyo, ndiyo sababu kwake nimeuweka mbele ya karatasi. Baada ya siku chache atakuletea mnyoo na kusema ni nyoka, au mgebuka, yule samaki wa ziwani, au kamba ya mtumbwi. Pokea jina analotoa yeye. Usilitoe wewe.

Akitaka samaki wa kweli, usimwonyeshe picha kwenye simu. Ukirudi na mgebuka kutoka Kibirizi, kabla hujampara muweke kwenye sahani mbele ya mtoto. Amguse. Mdomo uko wapi? Jicho ni la duara au refu? Ukipitisha kidole kuelekea mkiani ni laini, ukirudisha kuelekea kichwani kunakwaruza. Mkia una panda mbili. Kisha mweke dagaa mmoja pembeni yake, waonane mkubwa na mdogo. Baada ya hapo mwachie udongo au kalamu na uende zako kwenye cherehani. Atakachotengeneza hakitafanana na cha simu, lakini kitakuwa na kitu alichokigusa mwenyewe. Pengine atakuwa ni meno tu, kwa sababu meno ndiyo yaliyomshangaza. Sawa kabisa.

Gundi usinunue. Chukua vijiko vikubwa 3 vya unga wa muhogo uliochekechwa (huu kidogo mama mkwe atakusamehe), ukoroge kwenye nusu kikombe cha maji baridi mpaka usiwe na madonge. Chemsha kikombe kimoja cha maji, mimina ule mkorogo huku unakoroga bila kuacha, moto mdogo, dakika mbili au tatu. Ukiona umeacha weupe na kuanza kung'aa kama kioo, umeiva. Upoe kabla mtoto hajaugusa. Unashika karatasi, kitambaa na majani makavu vizuri sana. Siku ya tatu utaanza kuchacha, mwaga.

Gundi hiyo hiyo ndiyo mama wa rangi zako. Udongo mwekundu uliopondwa na kuchujwa kwa kitambaa, ukiuchanganya na gundi, ni rangi ya matofali. Mkaa ponda ukiwa umeloweshwa ili vumbi lisipande puani, utapata nyeusi. Mchicha ukitwangwa unatoa kijani, ingawa hakikai, siku chache kinageuka kahawia. Choya zilizochemshwa zinatoa wekundu wa damu ya mzee. Bizari ya manjano inatoa njano kali kuliko ya dukani. Brashi ni kijiti kilichopondwa ncha kama mswaki wa mti.

Na kwa kuwa umetaja bizari, hapana, mimi ndiye niliyeitaja, ngoja nikupe kitu kimoja ambacho watoto wangu hawakukisahau. Paka karatasi nzima bizari iliyokorogwa na maji, iache ikauke. Yeyusha magadi kidogo kwenye kikombe cha maji. Chovya kijiti, mpe mtoto achore mstari mmoja juu ya ile njano. Mstari unageuka mwekundu hapo hapo, machoni pake, kutoka kwenye maji yasiyo na rangi. Mtoto atanyamaza kwanza. Kisha atataka tena. Akishachora, mpe tone la ndimu alidondoshe juu ya wekundu: njano inarudi. Bizari hubadilika rangi ikikutana na magadi na hurudi ikikutana na uchachu, ndiyo siri yake. Kikombe cha magadi kishike wewe na uangalie asipeleke vidole machoni. Mtoto niliyemfahamu, aliyekuwa haandiki hata mstari, alijaza karatasi tatu siku hiyo, kwa sababu alikuwa anataka kuona wekundu ukitokea na hakuwa na nafasi ya kuwaza kama mchoro ni mzuri.

Mawese nayo yajaribu, ila mvalishe nguo ya zamani, doa lake unalijua. Dondosha kwenye karatasi nyeupe, sugua kwa kidole, inua karatasi juani. Pale palipopita mafuta mwanga unapenya. Nitarudi kwenye hilo.

Wewe ni fundi, una utajiri ambao mama wengi hawana: mabaki ya vitenge. Usiyatupe. Yachane vipande virefu upana wa vidole viwili. Tafuta kipande cha wavu chakavu wenye macho makubwa, wavu wa dagaa haufai, macho yake ni madogo mno. Ukaze kwenye fremu ya vijiti vinne au kwenye boksi lililotobolewa katikati. Mtoto anapitisha kipande cha kitenge juu, chini, juu, chini. Hapo anasuka, anahesabu na anapanga rangi kwa wakati mmoja. Akikosea, mwache. Kukosea kunaonekana kwenyewe, kitambaa kinakaa upande mmoja, na siku atakapoliona mwenyewe atarudi nyuma bila kuambiwa. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo mwaka 1837 na kuiita bustani ya watoto miaka mitatu baadaye, aliweka kusuka mikeka ya karatasi miongoni mwa kazi za kila siku. Huku kwetu hatukuhitaji kuletewa jambo hilo kutoka Ujerumani, mkeka tulikuwa nao. Kazi ya wavu ikiisha, ukunje uuweke juu. Mtoto asibaki peke yake na wavu wala kamba ndefu.

Mkasi wako wa ushonaji ufiche. Mnunulie mdogo wenye ncha butu, ni moja ya vitu vichache ninavyokushauri kulipia. Mfundishe dole gumba likae tundu la juu, kiwiko kikae karibu na mbavu. Usianze na kukata duara. Anza na vipande vya karatasi vyembamba kama kidole, kila kimoja kinakatika kwa mkato mmoja. Akishajaza bakuli la vipande, vibandike kwa ile gundi. Baada ya wiki kadhaa mchoree mstari mnene ulionyooka aufuate. Duara lisubiri mwaka ujao.

Sasa lile neno lenyewe: "Mama, nichoree wewe." Akilisema, usikatae kwa ukali wala usichukue kalamu. Chukua karatasi yako, kaa pembeni yake, sema, "Mimi nachora yangu, wewe chora yako." Na hiyo yako usichore samaki wala ua. Chora mistari, duara, madoa, kama anavyochora yeye. Lengo ni aone mkono wa mama ukitembea bila kushindana. Akisisitiza kwamba anataka samaki, muulize sehemu moja tu: "Tuanze na nini, jicho au mkia?" Atajibu jicho. "Jicho likoje?" La duara. "Duara unaliweza." Hapo tayari ameanza. Na usiguse karatasi yake hata kidogo, hata kunyoosha kona. Ukishaweka mstari wako mmoja, mchoro umekuwa wako.

Akimaliza, usikimbilie "safi sana, nzuri sana." Maneno hayo yakisemwa kila siku mtoto huanza kuchora akikutazama usoni. Sema unachokiona: "Umeweka nyekundu nyingi huku juu. Huyu ana vidole vingi." Kisha nyamaza. Yeye ndiye atakayekusimulia. Na tafadhali usimwahidi pipi wala soda ili achore. Mwaka 1973 watafiti wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, waliwatazama watoto wa miaka mitatu hadi mitano waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti kizuri chenye utepe likichora. Wiki moja au mbili baadaye, kalamu zilipowekwa tena bila ahadi yoyote, watoto walioahidiwa walichora kwa karibu nusu ya muda wa wenzao. Mapenzi waliyokuja nayo yalipungua baada ya kulipwa.

Kwa mwezi wa pili au wa tatu nakupa kazi moja kubwa, ya siku nyingi: meli. Mchukue siku moja mkaitazame bandari. Msimulie kuhusu MV Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikavuka bahari mpaka Dar es Salaam, ikapanda reli mpaka hapa Kigoma, ikaunganishwa upya na kushushwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha vitani, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na tangu 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kwa mtoto jambo kubwa humo ni moja: meli ilikuja kwenye makasha. Basi rudini nyumbani, kusanyeni maboksi ya sabuni, ya chai, ya dawa ya meno, visoda na mirija, na mwachie aiunganishe yake. Siku ya kwanza atapanga na kupangua tu. Siku ya pili gundi. Siku ya tatu ikauke bila kuguswa, na kusubiri nako ni kazi kwa umri huo. Siku ya nne udongo mwekundu na mkaa. Siku ya tano kata madirisha wewe, maana boksi ni gumu, yeye ayazibe kwa zile karatasi za mawese. Jioni weka tochi ndani. Madirisha yatawaka.

Haitafanana na Liemba. Bomba litakuwa limelala, au yatakuwa mabomba saba. Usilinyooshe.

Mambo ya hatari nitayataja kwa ufupi lakini yashike. Zamani tulizoea kuponda betri za tochi ili tupate weusi wa kupaka ubao; usifanye hivyo kwa mtoto, ile ni kemikali, mkaa unatosha. Rangi za mafuta za ukutani zilizobaki kwenye kopo zisiwe za kuchezea, baadhi zina madini ya risasi. Gundi ile inayoganda papo hapo ikae mbali kabisa. Mbegu ni nzuri kwa kubandika, maharage, mahindi, mise za mchikichi, ila nyonyo zina sumu kali, na zile mbegu ndogo nyekundu zenye doa jeusi zinazotungwa shanga nazo ni sumu. Kama una mtoto mwingine chini ya miaka mitatu, mbegu na visoda vitoke tu akiwa amelala, kwa kuwa atavipeleka mdomoni. Na kila ukimaliza kushona, hesabu sindano na pini zako.

Muda usiwe mrefu. Dakika 20 asubuhi pale barazani zinatosha, akitaka zaidi mwache, akiondoka baada ya tano mwache pia. Wewe shona, yeye afanye yake, mkiwa mnaonana. Usibadilishe kazi kila siku. Udongo wa wiki mbili unamfundisha kuliko vitu kumi na vinne vya siku kumi na nne. Funga kamba ukutani, tundika kazi zake kwa vibanio vya nguo kwa urefu wa macho yake, ambao ni wa kiuno chako. Kila mwezi mchague pamoja moja ya kuhifadhi, uandike tarehe na maneno aliyoyasema yeye kuhusu mchoro huo. Nyingine zikitosha ziwashie moto wa jikoni akiwa hayupo.

Anza na udongo kesho kutwa, utakapokuwa umeshatuama. Ukianza kukauka usiutupe: nyunyizia maji, ufinye mashimo kwa kidole, ufunike kwa kitambaa kibichi usiku kucha. Asubuhi utakuwa laini tena.